Sitara ya Mwanaharusi

Walimketisha kwenye kiti katikati ya chumba, macho yote juu yake, kama bi harusi siku ya kutolewa ukumbini. Ila huyu hakupambwa, na waliomtazama walishika kalamu. Ndiyo iliyokuwa desturi ya kikao cha Alhamisi katika hospitali ile ya wagonjwa wa akili. Mgonjwa huketi mbele, mwanafunzi husimama kando yake akayaeleza maradhi kwa Kiingereza, na Daktari Mkuu, Mzungu mwenye sauti ya upole, huamua nani abaki na nani arudi kwao.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa Mwanaharusi, mjane wa Miono. Mwanafunzi alikuwa Mwinyimvua, kijana wa Bagamoyo, aliyekuja kusomea maradhi ya akili. Tangu azidiwe, mama huyo alikiacha Kiswahili akarudia Kikwere cha utotoni, na hospitali nzima hapakuwa na aliyekijua ila Mwinyimvua, aliyelelewa na bibi yake Mkwere. Basi kijana akavimba kichwa. Nani asingevimba? Hata Daktari alikuwa akimngojea yeye afungue kinywa.

Lakini asubuhi ile, kabla ya kikao, kaka wa mgonjwa alimvuta pembeni. Aliitwa Bwanaheri, mzee wa kofia safi na kanzu iliyochakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa kwetu, sikufichi. Dada yangu alijitupa kisimani, wanawake wakamwopoa. Kijijini tumesema aliteleza. Hilo lisifike humo ndani. Ana binti wawili, nani atawaposa? Nisitiri, mwanangu, na Mungu atakusitiri."

Pwani mtu akikuomba sitara huulizi mara mbili. Mwinyimvua alilinyonya hilo na maziwa ya mama.

"Ondoa shaka, mzee," akasema.

Kikaoni alieleza vizuri ajabu. Mgonjwa anakula, analala, amerudi kuswali, hasemi tena peke yake. Yote yalikuwa kweli. Daktari aliridhika, akabakiza swali moja.

"Muulize kama amepata kutaka kujiua."

Mwinyimvua aliinama akamuuliza kwa Kikwere, huku akiomba moyoni mama wa watu akanushe. Mwanaharusi akainua uso. Tangu aletwe hakuwahi kumtazama mtu machoni.

"Mwanangu, waambie wasinirudishe," akasema. "Kile kisima nakiona hata nikifumba macho. Hapa napata usingizi. Waambie nimewaomba."

Chumba kizima kilikuwa kikimngoja. Nje ya dirisha ilionekana kofia ya Bwanaheri.

"Anasema hapana, Daktari," akajibu Mwinyimvua. "Anasema amewakumbuka binti zake."

Laiti angeumwa na nge ulimini! Daktari alitabasamu, akaandika ruhusa. Mwanaharusi alipouona uso ule wa Mzungu umekunjuka, alidhani ombi lake limekubaliwa, naye akatabasamu. Akamshika Mwinyimvua mkono akamshukuru.

Mwezi haukwisha, Bwanaheri akarudi peke yake. Alimkuta Mwinyimvua kwenye baraza ya hospitali.

"Tumemzika, mwanangu. Kisima ni kile kile. Tumewaambia watu ni homa, wakaja wengi, wakamswalia, hakuna aliyenong'ona." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umetusitiri. Mungu akulipe."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio hiki hakikufichua kitu. Mwinyimvua alitamani mzee amtukane, amtemee mate, ampige kofi mbele ya watu. Akashukuriwa, akaombewa dua, na ilimbidi aitikie amina.

Alhamisi iliyofuata, Daktari alianza kikao kwa kuuliza habari za yule mama wa Miono. Mwinyimvua akasimama. Aliazimia kusema; usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno. Sasa akawaona wale binti, ambao hakuwahi kuwaona, wamejifunika kanga za msiba. Akamwona na yule mzee.

"Amefariki, Daktari," akasema. "Homa."

Daktari alisikitika kwelikweli, akasema homa za mwaka huu ni mbaya sana. Kisha akaagiza mgonjwa mwingine aingizwe, na kwa kuwa alimwamini kuliko wote, akamwomba Mwinyimvua amtafsirie.