Dola Zilizopigwa Pasi

Hapa Bunia dola haipashwe kuwa na kidonda. Franga ya Kongo inaweza kunuka samaki, inaweza kubandikwa na skochi mara tatu, muuza ndizi ataipokea na atasema aksanti. Lakini dola ikiwa na katundu kadogo ka sindano, hata mama yako mwenyewe ataisukuma. Sijui ni nani alileta ile sheria. Mimi ni kambiste, ninashanje, ninabadilisha franga na dola, pembeni ya boulevard, ile barabara kubwa, chini ya parasoli, na nimekataa dola za watu wengi waliolia mbele ya meza yangu. Waliniita Bijou roho mbaya. Sawa, waseme.

Ndugu yangu mudogo Fabien, anayeniita Yaya, dada mukubwa, alisomeshwa na ile meza. Alipashwa kujua hiyo sheria kuliko wote. Lakini alikaa miaka mine ndani ya meli kubwa ya watalii, kule kwenye visiwa vya joto, anafua mashuka ya wazungu, na kichwa yake ikageuka. Alirudi wakati bibi yake Christella alikuwa tayari hoi kwa kitanda ya hospitali. Wiki haikuisha, Christella akakufa.

Ninasema bibi yake, lakini kwa watu wa Christella, kule Mahagi, haikuwa hivyo. Fabien hakuwa amelipa hata mbuzi. Alimuchukua musichana wa watu, akazaa naye Jemima, akapanda meli. Na tangu Christella alianza kuugua, ni mimi niliyelea ule mutoto. Alilala kwa kitanda changu. Nilimusuka nywele, nilimupeleka masomo, nilimupigia kelele akikataa kula sombe. Mimi sina mutoto. Daktari aliniambia zamani kama sitazaa, na nilikuwa nimezoea. Kisha Jemima akaja, na ile mazoea ikaisha.

Siku ya pili ya kilio, baba mukubwa wa Christella akafika kutoka Mahagi, Papa Gustave, na vumbi ya barabara mpaka kwa nyusi. Alimulilia mutoto wake kwanza, kama mutu, na siye tukalia naye. Kisha akanawa uso, akaomba kiti, akaita familia yote.

"Hatukuja kupigana," akasema. "Mahari haikulipwa. Kwa hiyo Christella ni mutoto wetu, na Jemima ni mutoto wetu. Kesho saa sita tutawabeba wote wawili, mumoja kwa sanduku na mumoja kwa kiti. Kama munataka wabaki hapa, mulipe dola mia nane kabla hajazikwa. Ngombe tutazungumza kisha."

Aliongea polepole, bila matusi, na ile njo iliniogopesha. Mutu anayetukana unaweza kumujibu. Huyu alikuwa na haki, na kila mutu pale kwa kilio alijua iko na haki. Nikamutazama Jemima amekaa katikati ya wamama wa Mahagi, anakula mukate, hajui kitu.

Fabien akasimama, sauti imetulia kama ya mukubwa. "Niko nayo," akasema.

Nilitaka kumubusu. Nikamufuata ndani ya nyumba. Akatoa kifuko cheupe cha kitambaa, akakimwaga kwa kitanda. Mungu wangu! Dola moja moja. Dola moja, dola moja, dola moja, na katikati za tano na za kumi na za makumi mawili, zote zimekunjwa mpaka zimekuwa kama maganda ya karanga. Zilikuwa na unyevu. Zilinuka mafuta ya kujipaka.

"Ni nini hii, Fabien?"

"Ni dola, Yaya. Ni jasho yangu." Akaanza kunieleza, na ninaona alikuwa ameyatayarisha yale maneno siku nyingi. Ndani ya meli, mugeni hashiki franga. Iko na kadi ya chumba, anaigusisha kwa kamashini, anakunywa, anaenda zake. Kisha meli inashuka kwa kisiwa, na kila kisiwa iko na franga yake: huku iko na picha ya samaki, kule ya ndege. Ukibaki na sarafu za jana, leo ni za kuchezea watoto. Kila mara alishanje, walimukata kidogo, leo kidogo, kesho kidogo. Kwa hiyo alijifunza kushika dola tu. Na dola yenyewe aliipata kwa mikono ya wageni, siku wanatoka chumbani: wanakunja noti ya moja, wanaisukuma ndani ya mukono yake bila kumuangalia.

"Na mushahara?"

"Inaingia kwa kadi. Inabaki kwa ajensi, kule Mombasa." Akaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa na haraka, sikumuuliza zaidi.

"Fabien, hakuna mutu Bunia anapokea dola moja. Akiipokea ni kwa nusu ya bei. Na hii imepasuka. Na hii. Na hii iko na wino."

"Lakini ni dola! Kule visiwani noti imekatika vipande viwili, unaishika na skochi, unanunua biya, muuzaji hata haangalii!"

"Basi enda umuzike Christella kule visiwani!"

Nilikaa chini nikazichambua, kwa sababu ni kazi yangu na vidole vyangu vinajua. Nzima huku, mbovu kule. Kwa hesabu ya meli, zilipita mia nane. Kwa hesabu ya Bunia, zilikuwa nusu tu, na hiyo nusu ni kama nikibembeleza. Nikamuacha Fabien na kitanda yake ya makaratasi, nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, kwenda kumuona Osée, kambiste mwenzangu, anayepeleka dola zake Ariwara kwa wafanyabiashara wa mupaka. Kule wanapokea hata zilizochoka. Osée ananipenda tangu zamani, musiniulize zaidi. Akaniambia: "Uniletee zile za tano na za kumi na za makumi mawili kesho asubui. Kama ni nzima tu, nitazipokea kwa bei yake yote. Zingine nitaona." Nilirudi nyumbani nimechoka, lakini roho imetulia. Zilizobaki ningejazia mimi.

Asubui nikaingia jikoni kutafuta chai. Mama yetu Suzanne alikuwa amepiga magoti kwa mukeka, na pasi ya makaa iko mukononi. Mama yangu ni wa kikundi cha wamama wa parokia wanaofua vitambaa vya altare. Hakuna mutu katika Bunia anapiga pasi kama yeye. Alikuwa ameamka mapema kuliko jogoo, akafua zile dola zote na sabuni ya unga, akazianika kwa kamba pamoja na nguo za kilio, na sasa alikuwa anazinyoosha, moja moja, ili mutoto wake asipate haya mbele ya wakwe.

"Angalia, Bijou," akasema. "Zimekuwa mupya."

Zilikuwa zimeungua. Siyo zote, lakini za juu, zile nzima nilizochambua mimi, ambazo alianza nazo kwa sababu niliziweka vizuri pembeni. Uso wa yule muzee wa dola ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Zingine pasi ilikuwa imeacha alama yake, pembe na yote. Zile za moja, mbovu, zilikuwa safi kabisa, zinangaa.

Nilipiga kelele mpaka watu wa kilio wakanyamaza. Nilimuita mama yangu maneno ambayo mutoto hamuiti mama. Aliweka pasi chini, akaweka mikono kwa mapaja. Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. Kisha nikasikia nje wamama wa Mahagi wanaimba kidogo kidogo, wanamuvalisha Jemima nguo ya safari, na yeye anauliza: "Tantine anakuja pia?" Tantine, shangazi, ni mimi.

Hapo hasira ikaniisha yote, mara moja, ikabaki woga tu. Nikaenda kwa sanduku yangu. Noti nane za mia, zile mupya za picha ya kichwa kubwa, hakuna kunjo, hakuna wino. Njo kapitali yangu yote. Njo ile meza, njo parasoli, njo chakula ya kila siku ndani ya ile nyumba. Nilianza na kushanje franga ya kununua chumvi, nikafika pale. Nikazichukua bila kuhesabu tena.

Papa Gustave akaziinua mbele ya jua, moja moja, akazipapasa, akazikunjua pembe. Angekuwa kambiste muzuri. Akanirudishia.

"Mahari haitoki kwa mukono ya dada," akasema. "Mupe yeye, yeye aiweke."

Sawa. Nikamupa Fabien. Fabien akapiga magoti, akazipanga kwa mukeka, watu wote wanaona, wakwe na majirani na katekista Claude wa parokia mwenyewe. Papa Gustave akazichukua, akamushika Fabien bega.

"Tangu leo Christella ni bibi yako. Mutoto ni wako. Hakuna mutu wa kwetu atakuuliza kitu juu yake." Sauti yake ilikatika pale. Alikuwa anamupenda Jemima, yule muzee, sikuwa nimeona vile mbele ya hapo.

Tukamuzika Christella ile siku, saa tisa. Na niseme wazi, nikitoka makaburini na Jemima mugongoni, amelala, amenitiririkia mate kwa shingo, nilifurahi. Wanione mubaya wanaotaka. Bibi wa ndugu yangu alikuwa chini ya udongo, kapitali yangu ilikuwa njiani kwenda Mahagi, na mimi nilikuwa ninafikiri nitanunua kitanda kubwa.

Meza ya kushanje bila franga ni ubao tu. Nikaiuza, nikaanza kuuza inite za kuongea kwa simu pale pale pembeni ya boulevard, na wateja wangu wa zamani wanapita wananichekelea: "Eh, Bijou, leo unakataa nini?" Nikawajibu vya kutosha. Ilikuwa sawa. Saa sita Jemima alitoka masomo, akakaa na mimi mpaka jioni.

Mwezi haukuisha. Siku moja Fabien akaja pale kwenye boulevard, ananichungulia chini ya parasoli.

"Yaya, kontra yangu ya kazi ya meli inaanza tena. Kesho ninaenda. Ninamubeba Jemima."

Nilicheka. "Utamulaza ndani ya meli, na mashuka?"

"Niko na mama mumoja kule Mombasa. Tuko pamoja tangu miaka mbili. Iko na nyumba nzuri. Jemima atasoma huko Kiingereza."

Sikumbuki vyote nilivyosema. Watu walisimama kutuangalia, motari mumoja akazima pikipiki yake kusudi asikie vizuri. Nilimuambia mutoto hamujui yule mwanamuke, nilimuambia hamujui hata yeye Fabien, bado anamuita Tonton, kama anko tu. Aliniacha nimalize. Hakukasirika.

"Ni mutoto wangu, Yaya," akasema. "Nilimulipia."

"Ulimulipia?"

"Watu wote waliona."

Alikuwa hasemi uongo, ile njo mubaya. Machoni mwake niliona anaamini. Jioni ile nikamupigia Papa Gustave. Nilikuwa ninalia, sikusalimia hata. Nikamuambia aje, alete wazee, aje kudai mutoto wake kama alivyodai kwanza, mimi mwenyewe nitamufungulia mulango. Jemima akiwa Mahagi nitamuona kila Noeli. Mombasa nitafika na nini?

Akanisalimia yeye kwanza, polepole, kisha akasema hatakuja.

"Angalau mumukataze kwa simu, Papa. Neno moja tu. Weye atakuogopa."

"Nitamukataza kwa haki gani?" akasema. "Mulilipa, mama."