Ishirini Kati ya Mia

Leo ndiyo leo, na mke wa dobi alikuwa amekwisha kuamua: namba isiposhuka chini ya ishirini na tano, duka linafungwa. Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Pasi, alilikubali sharti hilo shingo upande. Mwaka jana, alipozibuliwa mshipa wa moyo, daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba kati ya watu mia wenye moyo kama wake, thelathini na wanne watapatwa na shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Tangu siku hiyo mama wa watu usingizi ulimpaa. Alimtaka mzee wake nyumbani, kitini, mbele ya macho yake.

Mzee naye si mtu wa kukaa. Alimeza dawa kwa saa, akapunguza chumvi, akawapelekea wateja nguo zao kwa miguu mpaka soli zikalika, na sigara za miaka thelathini akazipiga teke.

Sasa wako kliniki, na daktari wa leo, binti mmoja mchangamfu, akaingiza vipimo vya mzee kwenye kompyuta ipige upya hesabu ya ile namba. Presha, nzuri. Mafuta kwenye damu, yameshuka. Umri, umepanda.

"Huo umri ndio unaoniharibia," Mzee Pasi alinung'unika.

Jibu likatoka: ishirini na tisa.

Mzee akainamisha kichwa. Mkewe alikuwa ameshinda, jamani, tena bila jasho. Angenyamaza tu. Lakini macho yake yalitua kwenye skrini, penye mstari wa sigara, pameandikwa: anavuta. Akamkumbuka karani wa mapokezi alivyolinusa koti la mzee na kujaza fomu bila kuuliza. Alitamani sana kunyamaza.

"Daktari, hapo si kweli. Mume wangu ana mwaka mzima hajagusa sigara. Harufu aliyoinusa karani ni moshi wa pasi ya mkaa."

"Una hakika, mama?"

"Nalala naye kitanda kimoja."

Daktari akacheka, akarekebisha, akabonyeza tena. Ishirini.

Mzee Pasi alisimama, akakaa, akasimama tena. Machozi yalimtoka wala hakujali nani anamwona.

"Hongera, mzee," daktari alisema. "Ila huo moshi wa mkaa nao unaudhuru moyo."

"Pasi ya umeme tunanunua leo leo," mkewe alisema, akamshika mkono mumewe. "Jumatatu unafungua duka. Na mimi nakuja kukukunjia nguo."