Mafua ya Torab Ali

Torab Ali alikuwa amekata meli kwa miaka kumi na tisa katika ufuo wa Sitakunda, na sifa yake kubwa haikuwa mkono bali pua. Meli kuukuu zilikuja na maji makubwa, zikapanda topeni kwa injini zake zenyewe; maji yakishakupwa, watu wakazivamia pekupeku kwa moto wa gesi mpaka zibaki vipande. Chombo cha kupimia hewa hakikuwapo. Torab alichungulia tangi, akavuta pumzi kunusa kama mna gesi ya kulipuka, akasema "Kateni" au "Ngojeni," na hakuna aliyembishia.

Asubuhi moja ya baridi aliamka na mafua. Hata dagaa wakavu waliokuwa wakikaangwa kambini hakuwasikia harufu.

Kobad, mwenzake wa kijiji kimoja huko Kurigram, alikuwa tayari juu ya meli ya mafuta, tochi ya moto ya kukatia chuma mkononi.

"Haya, kaka, ipeleke pua kazini! Siku ikistaafu, mbwa wa polisi watapata ajira."

Watu wakacheka. Torab alitaka kusema, lakini nyapara alikuwa amesimama kashika kiuno, na mtu anayejulikana kwa jambo moja huona tabu kukiri kwamba leo hanalo. Akainama tangini. Akavuta pumzi ambayo haikufika popote.

"Kateni."

Kobad akaingia. Haikupita dakika, tangi likalipuka, sitaha ikaruka chini ya miguu yao.

Torab hakuulizwa kitu. Tena wenzake walimtetea: kama Torab hakuisikia, basi gesi ile haikuwa na harufu. Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi.

Yeye ndiye aliyeupeleka mwili nyumbani. Jomila, mjane wa Kobad, alimpokea akilia.

"Mungu akulipe, kaka. Wengine huzikwa huko huko, wake zao wasilione hata kaburi."

Torab akaenda kusaidia kuchimba kaburi. Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kutawanyika, alibaki uani. Jomila akamwekea mchele wa kupondwa uliolowekwa, na sukari guru, kisha akaketi kupepeta.

"Shemeji, siku ile nilikuwa na mafua."

"Mafua?"

"Sikusikia harufu yoyote. Nikaona haya kusema. Nikawaambia wakate."

Ungo ukatulia mikononi mwake. 

"Siku arobaini nimejiambia ni kudra," alisema, "na nikipata usingizi, ni kwa neno hilo. Sasa nitalala kwa lipi? Umekuja kutua mzigo wako, ukanitwika mimi."

"Nisamehe."

"Sijasema sitakusamehe. Nasema leo siwezi. Kula, kisha uende."

Alimeza matonge mawili kwa heshima ya nyumba, akaondoka.

Ufuoni hakurudi tena. Alikodi riksho ya kukanyaga mjini Kurigram, akawa anabeba watu na magunia. Mwaka uliofuata alimwona Jomila sokoni, akasimama kumsalimia. Jomila akamjibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mpita njia yeyote, akaendelea kuchagua mabilinganya. Torab alibaki pale, mikono juu ya usukani, mpaka abiria wake akamfokea.

"Wee mzee, twende basi!"

Akakanyaga pedeli.