Gauni la Mkono Mmoja

Yule mwalimu wa ushonaji, wanafunzi wake chuoni walimwita Mama Fumua, na wala hawakumwonea. Mshono ukienda kombo kidogo tu, utasikia, "Fumua, rudia!" Lakini siku ya kwanza ya likizo ya mwisho wa mwaka, Mama Fumua huyohuyo huwafungulia wote nyumba yake, wanaosoma na waliomaliza, wakala mezani kwake mpaka wakalegea.

Mwaka jana aliharibu. Binti mmoja, mkimya wa darasa, alimletea zawadi: gauni la kijani alilomshonea kwa siri, vipimo kakisia kwa macho. Badala ya kushukuru, mwalimu akaligeuza nje ndani, akaona kwapa limevuta, na kabla akili haijamrudia, wembe ulishafika mkononi. Akafumua mkono wa kushoto mbele ya watu. "Rudia," akasema. Jamani! Binti aliondoka hata maji hajanywa, na chuoni hakukanyaga tena.

Mwaka mzima mwalimu alikosa raha. Alituma salamu, zikapotelea hewani. Likizo ilipokaribia akaandika ujumbe mfupi: "Mwanangu, njoo ule. Nimekukosea."

Siku yenyewe, mumewe alipomwona anatoka chumbani, nusura aangushe sufuria ya wali.

"Mke wangu, unapokea wageni bega nje?"

"Ndiyo."

"Na cherehani unayo?"

"Nimefumua kazi ya mtu. Si yangu kuishona."

Wanafunzi walipoingia walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akawapakulia hivyohivyo, mkono mmoja kijani, mwingine wazi, macho hayabanduki mlangoni. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Akaingia jikoni, akalia kweli, akajifuta kwa kitambaa cha vyombo.

Mara vicheko vya sebuleni vikakatika. Kutoka, akamkuta binti amesimama mlangoni, mkoba begani, ameduwaa.

"Mwalimu, ndiyo nini hiyo?"

"Aibu yangu, mwanangu. Ulinipa zawadi, mimi nikakusahihisha. Nisamehe, na hawa wote wasikie."

Binti aliuona ule mkono wa gauni umekunjwa juu ya cherehani, akauchukua. Akatoa sindano na uzi mkobani.

"Inua mkono."

Akamshona hapohapo, wima, mume kashikilia mwiko wake. Kwapa likavuta kama mwaka jana, labda na zaidi. Mwalimu alilisikia kila alipopumua, akauma ulimi.

Binti akakata uzi kwa meno, akarudi nyuma hatua moja kumtazama.

"Unasemaje, mwalimu?"

"Mimi? Sina neno!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Binti naye akajikaza, akashindwa, akacheka huku machozi yanamtoka. Akavuta kiti.

"Basi nipakulie, mwalimu. Nina njaa tangu mwaka jana."