Mwenye Idhini ya Tilly

Hitesh, mfamasia wa mtaani kule Grimsby, Uingereza, alikuwa na tabia moja: mwanamke yeyote aliyeingia dukani na mtoto alimwita mama. Hakuuliza. Wauguzi na madaktari wa kule wana mtindo huo huo, maana nani ataweza kukariri majina ya watu wote wanaopita mbele yake? Mashangazi, yaya, majirani walioombwa msaada, wote ni mama mpaka watoke mlangoni. Denise Cawthorne alikuwa bibi, mzaa mama, lakini alimzaa binti yake angali msichana mdogo, na nywele alizipaka rangi kila mvi zilipochungulia, kwa hiyo tangu aanze kumlea mjukuu wake Tilly jina hilo lilimkaa vizuri. Hakulisahihisha hata siku moja. Tuseme ukweli, alilipenda.

Majira ya baridi yaliyopita Tilly alishikwa na homa kali ya mafua akalazwa, na Denise alishinda na kukesha kwenye kiti cha plastiki akisikiliza jinsi kifua cha mtoto kilivyokoroma. Akaapa hataki kukiona tena kiti kile. Basi aliposikia kwamba Hitesh anawapa watoto wa umri wa Tilly chanjo ya mafua ya kupuliza puani, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alimchukua mtoto kutoka chekechea, biskuti mkononi, wakaenda moja kwa moja.

Hitesh aliwaingiza kwenye kile chumba chake nyuma ya rafu za shampuu, chumba ambacho watu wawili wakikaa wa tatu anagusa ukuta. Aliuliza kama mtoto ana pumu, kama kuna chakula kinachomdhuru, kama anatumia dawa yoyote. Denise alijibu yote bila kusita. Kisha akaulizwa kama yeye ndiye mwenye dhamana ya mzazi kisheria.

Akauliza kisheria maana yake nini, ingawa alijua fika. Hitesh akamweleza kwa upole: ni haki ya kumwamulia mtoto mambo kama haya; mama mzazi anayo tangu mtoto azaliwe, baba akiwa amemwoa mama huyo au jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa, wengine mpaka wapewe na mahakama. Shangazi hana, bibi hana, hata kama wao ndio wanaoogesha na kulisha.

"Sihitaji karatasi," alisema. "Neno lako linanitosha."

"Ndiyo," alisema Denise. "Ninayo."

Usimhukumu upesi. Binti yake, Kirsty, alikuwa katika mji wa Hull, kwenye nyumba ya watu wanaoacha dawa za kulevya. Alikuwa anaendelea vizuri, na hilo ndilo lililomtia Denise hofu. Mwezi wa nane Kirsty alimwambia kwenye simu kwamba akipata nyumba yake atakuja kumchukua mtoto. Tangu siku hiyo Denise hakupokea tena. Simu ikiita aliitia kwenye droo ya vijiko, akafungulia redio. Sasa leo ampigie yeye mwenyewe, amwombe ruhusa? Hiyo ingekuwa sawa na kukiri kwa kinywa chake kwamba mtoto si wake. Aliona heri uongo wa neno moja.

Tilly alikitazama kile kibomba cha chanjo, hakukipenda. Akajificha chini ya sweta la Denise.

"Bibi, twende nyumbani," alisema.

Watu wa kule hawamwambii mtu usoni kwamba amedanganya. Hitesh alifungua kalamu, akaifunga, akasema friji hapo dukani ina kelele, huenda hakusikia vizuri, kwa hiyo angeuliza tena lile swali la mwisho.

Uso wa Denise uliwaka moto. Alisema yeye ni bibi yake, na mama yake yupo hai, yuko Hull. Hitesh akasema hakuna tatizo, mama akikubali kwa simu atamchanja mtoto sasa hivi, au kama si wakati mzuri warudi siku nyingine. Siku nyingine! Mlango ulikuwa pale pale, na Denise alijijua, akitoka hatarudi. Lakini kile kiti cha plastiki kilimjia akilini. Akatoa simu kwenye mkoba.

Kirsty alipokea kabla haijaita vizuri.

"Mama? Tilly ana nini?"

Denise alimjibu kwamba hana kitu, yuko salama, ila kuna mfamasia anataka kusema naye. Akaweka simu mezani, sauti ya nje. Hitesh alieleza chanjo ni ya nini, na kwamba mtoto anaweza kutokwa na kamasi siku mbili tatu. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Kirsty aliitaja, akaongeza bila kuulizwa kwamba mtoto alizaliwa akitanguliza miguu. Kisha akaulizwa kama anakubali, na simu ikanyamaza. Denise alifikiri anakataa kwa kukomoa, na moyoni akajua kwamba kukomolewa alikustahili.

"Nakubali," alisema Kirsty. Sauti ilikuwa imelowa machozi. "Samahani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu juu yake. Nilidhani mnaweza bila mimi."

"Hatuwezi," alisema Hitesh, akavaa glavu. Tilly akapakatwa. "Haya, mshikilie kichwa, mama."

"Nimshikeje nami niko Hull?" ilisema simu.

Hitesh aliona haya. Denise akacheka bila kutaka, huku amemkumbatia mtoto kichwa, na chanjo ikaingia tundu hili la pua na tundu lile. Tilly alipiga chafya, akapewa kibandiko cha simba, akakibandika kwenye paji la uso. Ndipo akaigeukia meza.

"Nani yule kwenye simu?"

Denise aliitazama simu. Bado ilikuwa hewani.

"Ni mama yako."

Tilly alifikiri. "Ana sauti kama yako."

Kisha Kirsty aliuliza kama anaweza kuja Jumamosi kumwona. Kumwona tu, kwanza. Denise alilisikia lile neno ‘kwanza’. Jibu la kukataa alikuwa nalo kooni tangu mwezi wa nane.

"Njoo," alisema. "Usichelewe tu, huyu analala mapema."

Nyumbani alimpashia Tilly maharage, akayamwagia juu ya mkate wa kuchoma. Akaitoa simu kwenye mkoba, akaiweka mezani kando ya sahani, akaiongeza sauti. Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji, akalia mpaka Tilly alipokuja kugonga mlango akimwita Bibi.