Nguruwe Waliofika kwa Kuogelea

Daktari wa mifugo alikuwa amekwisha gombana na wapagazi na mlinzi wa bandari kabla jua halijawa kali, na sasa ilikuwa zamu ya shemeji yake.

"Shemeji, hawa nguruwe umewaweka juu ya injini. Wataiva kabla hatujafika."

Shemeji, mume wa dada yake mkubwa, ndiye aliyekuwa nahodha wa ile meli ndogo ya mizigo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mwendo wa pole. "Uliniambia unaleta mizigo," alijibu. "Mizigo inakaa kwenye mizigo. Kama ni abiria, wangekata tiketi."

Mabaharia wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alikuwa anasaga meno tangu siku ile alipoitwa ofisini kwa mkuu wa idara, kwenye chumba chenye feni iliyogeuza shingo huku na huku bila kutoa upepo, na ramani ukutani ambamo kisiwa walichokuwa wakikiendea kilikuwa kimefunikwa chote na kichwa cha pini.

Watu wa kisiwani walikuwa wameomba mbuzi. Waliomba kwa redio, tena na tena, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa: mbuzi wa maziwa, basi. Idara haikuwa na mbuzi. Ilikuwa na nguruwe waliobaki kwenye shamba la mfano lililokuwa likifungwa.

"Nguruwe anazaa haraka," mkuu alisema. "Muda si mrefu kisiwa kizima kitakuwa kinakula nyama."

"Hicho ndicho ninachokiogopa, mkuu. Kule hakuna mnyama mkubwa kuliko kaa. Hakuna ua, hakuna banda. Wataingia mashambani. Nipe basi waya wa uzio."

"Waya utafuata."

"Utafuata lini?"

"Daktari, usiwe mgumu. Wafadhili wanataka picha."

Angeweza kukataa. Lakini alijua akikataa atatumwa mwingine, mtu asiyejua hata nguruwe anashikwa wapi. Akapiga moyo konde, akapanda meli.

Safari ilimtoa jasho. Nguruwe walitapika, wakalia, wakalala kifudifudi wakihema. Aliwamwagia maji kwa ndoo mpaka mabega yakafa ganzi, kisha akagundua kwamba mabaharia walikuwa wanaoga kwa maji ya kunywa ya wanyama. Alifoka mpaka sauti ikamkauka. Shemeji akamletea chai, akaketi kando yake, akasema dada mtu pia ndivyo anavyofoka, ni damu. Nusura daktari ammwagie chai ile.

Kisiwa kilipotokeza, kikiwa chembamba na bapa kama mkeka uliosahauliwa majini, ilibainika kwamba hakikuwa na gati. Meli ilisimama nje ya matumbawe na mitumbwi ikaja kupokea mizigo. Magunia yalishuka salama. Nguruwe wa kwanza aliteremshwa kwa kamba, akarusha miguu, mtumbwi ukapinduka na watu wake.

"Nguruwe anajua kuogelea?" Shemeji aliuliza.

"Anajua, lakini..."

"Basi tumemaliza kazi." Na kabla daktari hajafunga mdomo, nahodha alikwisha fungua mlango wa ubavuni.

Wakatumbukia mmoja baada ya mwingine, masikio yakielea juu ya povu. Watu wa kisiwani waliingia maji ya kiunoni wakiwa na kamba, wakipiga kelele za furaha na woga, wakawakamata. Wote isipokuwa mmoja. Jike kubwa jeusi, lenye mimba, liliinua pua, likanusa upepo, likageuka na kuzunguka mwamba kuelekea upande wa pili wa kisiwa.

"Shemeji! Lifuate lile!"

"Kwenye mawimbi yale? Nikifa, dada yako utamlisha wewe?"

Mchangani alipokewa na mkunga. Huyo mama ndiye aliyewazalisha karibu wote waliokuwa wanashika kamba, na hapakuwa na jambo lililoamuliwa kisiwani bila yeye. Aliwatazama nguruwe, kisha akamtazama daktari.

"Karibu, binti yangu. Mbuzi wako wapi?"

"Hawakupatikana, mama."

"Na ua wa kuwazuia hawa?"

"Waya unafuata," daktari alisema, akasikia aibu kutamka maneno yale kwa kinywa chake.

"Basi hata hawa wangengoja wafuatane nao."

Asubuhi iliyofuata walimwita upande wa pili. Pale ndipo palipokuwa na mashimo ya magimbi, marefu kwenda chini, yaliyochimbwa na mababu mpaka wakafikia maji matamu, kisha yakajazwa majani yaliyooza, kapu kwa kapu, kizazi hata kizazi, mpaka mchanga ukawa udongo. Jike jeusi lilikuwa limepata harufu ya udongo ule tangu baharini. Shimo moja lilikuwa limetifuliwa lote. Mwenyewe, mzee mwembamba, alisimama pembeni akiwa na gimbi lililotafunwa nusu mkononi. Daktari angeona nafuu kama angetukanwa.

Alikimbilia kwenye redio.

"Hongera, daktari!" mkuu alipokea. "Wamefika?"

"Mmoja ametoroka, yule jike mwenye mimba, anakula mashamba. Naomba ruhusa akipatikana achinjwe, na wengine niwarudishe."

"Achinjwe? Ile ni mali ya mradi! Tena ana mimba!"

"Mkuu, hicho anachokula ndicho chakula chao chote."

"Sikusikii vizuri," mkuu alisema, ingawa sauti yake yeye ilisikika safi kabisa.

Daktari akaweka chini kile chombo cha redio. Akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, aliyekuwa anakagua nanga. "Waliokamatwa wanarudi melini."

"Nimekwisha osha sitaha."

"Shemeji, wakibaki, nami nabaki. Na dada utamweleza mwenyewe."

Shemeji alijikuna kidevu, akaguna, akaagiza kamba. Ilikuwa kazi ya kutwa kuwavuta nguruwe wale kurudi katika maji waliyotoka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Lile jike daktari alilikuta mara moja tu, ndani ya kichaka, limekwisha zaa. Vitoto vyeusi vilikuwa vinanyonya. Alisogea na kamba na kisu. Jike likaruka, likamgonga magoti, likamlaza matopeni, likatokomea na watoto nyuma yake. Alikaa pale pale akalia, wala si kwa maumivu. Alilia kwa hasira. Meli haikuweza kungoja zaidi.

Hakumwaga unga, lakini alihamishiwa chumba cha nyuma, kupiga mihuri vibali vya ngozi. Aliandika malalamiko mpaka akachoka kuyaandika. Miaka kadhaa baadaye, alipopata likizo ndefu, dada yake alitaka waende wote kupumzika. Yeye akapanda tena meli ya shemeji.

Kisiwa kizima kilikuwa kimetifuliwa. Nguruwe walipita nyuma ya nyumba kama wenyeji. Watu walikuwa wanajenga kuta za mawe ya matumbawe kuzunguka mashimo yaliyosalia, na mkunga, mgongo umeanza kupinda, alikuwa anabeba mawe pamoja nao.

"Vijana wanawatega," alimwambia. "Nyama wanaipenda. Hilo linaniudhi kuliko yote. Na juzi wajukuu zangu walibishana nguruwe walitoka wapi. Mmoja anasema waliogelea wenyewe kutoka nchi nyingine. Mwingine anasema walikuwapo siku zote."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia waliletwa na mwanamke mmoja aliyejua wazi kwamba hawafai."

Daktari alifungua mdomo ajitetee. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yale yale aliyomwambia mkuu, na hayakusaidia kitu wakati ule. Akaufunga. Akavua viatu, akashuka mpaka penye mawe, akachagua moja zito, akalibeba mpaka ukutani. Kisha akarudi kuchukua jingine.