Mlinzi Aliyebofya Ndiyo

Mume wangu alilinda geti la kiwanda cha misumari miaka thelathini na moja, na siku aliyostaafu alirudi nyumbani akaanza kutafuta geti lingine. La kwetu ni la mabati, halifungi vizuri, hata kuku wa jirani wanalidharau. Akalizunguka siku mbili, akaona halimfai. Siku ya tatu akaiona kompyuta.

Kompyuta yenyewe alituletea mtoto wetu wa kwanza, imeshatumika huko ilikotoka. Ilikuwa imekaa zake sebuleni, kati ya redio na cherehani yangu ya akiba, haina neno na mtu. Mzee akavuta kiti mbele yake, na tangu siku hiyo ikawa na mlinzi wa kudumu.

Sheria zikaanza kushuka. Paswedi anaijua yeye peke yake, na inabadilishwa kila Jumapili. Mtu akitaka kuitumia, Mzee anaiandika mwenyewe huku ameifunika mikono kwa kofia. Antivairasi inakaguliwa asubuhi na jioni. Akiona ile alama ya kijani anaitikia kwa kichwa, wameshasalimiana. Barua ya mtu tusiyemjua haifunguliwi. Na flashi haiingii wala haitoki. Hiyo ndiyo ilikuwa amri kuu, na aliirudia hata kwa wageni waliokuja kunywa maji tu.

Sitaki kumsingizia, hofu yake ilikuwa na mzizi. Mwaka wake wa mwisho kazini karani mmoja alitoka na flashi nyumbani kwake, akaichomeka kwenye kompyuta ya mishahara, na virusi vikaila kompyuta nzima. Kwenye kikao cha uchunguzi hawakuanza na karani. Walianza na aliyekuwa getini. Mzee hajawahi kunisimulia kikao kile mpaka mwisho. Akifika katikati anaomba maji.

Lakini hofu ya mtu mmoja ikishakuwa sheria ya nyumba nzima, inachosha, jamani. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka minne nimeandika kitabu cha kukata nguo, kwanza kwenye madaftari, kisha kwenye kompyuta ile: namna ya kupima bega lililoinama, namna ya kutoa gauni na blauzi kwenye kitambaa kisichotosha, michoro mia moja na arobaini ambayo imenipinda shingo. Chuo kimoja cha ufundi kilisoma sura za mwanzo, kikakubali kukifundishia, kikataka kitabu chote kiwafikie Ijumaa wiki hii. Wasipokipata Ijumaa, wanachukua cha mtu mwingine. Na kitabu chote kilikuwa mle, mahali pamoja tu.

Nilimwomba. Si mara moja, mara tatu.

"Mzee, kitu cha thamani hakiwekwi sehemu moja. Niruhusu nitoe nakala nikaiweke kwa mdogo wangu."

"Kisichotoka hakipotei," akasema.

"Na nyumba ikiungua?"

"Nyumba ina mlinzi."

Ukibishana naye hapo utajikuta unabishana na ukuta. Basi nikafanya nilichofanya. Kila Alhamisi, nikiwa naandika, naye akitoka kwenda msalani, nilichomeka flashi, nikanakili kitabu, nikaichomoa, nikaitupa ndani ya kopo la vifungo. Baadaye nikabeba kikapu kwenda kwa mdogo wangu, ambaye ni karani wa ofisi na ana droo yenye kufuli. Mlangoni Mzee alinikagua, maana huyu hukagua hata mfuko wa takataka. Alifungua kopo, akalisogeza karibu na pua, akalitikisa, akasikia vifungo.

"Pita," akasema.

Nikapita. Na njiani nikacheka peke yangu, nisiwe mnafiki. Mtu ambaye hata msumari mmoja haukumtoroka miaka thelathini na moja, anatorokewa na mkewe mchana kweupe.

Jumanne hii nilikwenda kumpima mteja, nikarudi saa sita. Mzee nikamkuta amesimama. Amesimama, hajakaa, na kofia ameishika mkononi. Nyuma yake kioo cha kompyuta ni chekundu chote.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Kuna nini?"

"Kulikuwa na ukaguzi."

"Ukaguzi gani?"

"Wa kompyuta. Ilikuja barua hapa kwenye kioo. Ina nembo, ina muhuri, ina namba ya kumbukumbu. Imeandikwa kabisa, 'Kwa Mlinzi wa Kompyuta Hii.'"

Nikaanza kuelewa. Miezi minane tangu astaafu hakuna mtu aliyemwita mlinzi isipokuwa mimi, tena mimi nilimwita kwa kejeli.

"Endelea," nikasema.

"Ikasema imekuta virusi arobaini na saba. Ikaomba nizime antivairasi kwa muda, ili wakaguzi wapite."

"Ukazima?"

"Mama, mkaguzi akifika, mlinzi wa zamu humpisha. Ndiyo taratibu. Mwaka wangu wa tisa nilimzuia mkaguzi getini nikaandikiwa barua ya onyo. Onyo langu pekee."

"Halafu?"

"Halafu ikauliza kama naruhusu programu yao ifanye mabadiliko kwenye kompyuta. Nikabofya ndiyo."

"Mara moja?"

Akakohoa. "Mara tatu. Waliuliza mara tatu. Nikaona hawa ni watu makini."

Watu makini! Nilishika kichwa. Nikazunguka meza, nikarudi, nikakishika tena. Paswedi ya kila Jumapili, kofia juu ya kibodi, mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na tisa nakaguliwa kopo, halafu mwizi anakuja na muhuri wa kuchora anafunguliwa geti na kupigiwa saluti! Nilimwambia yote hayo. Nilimwambia na mengine ambayo jirani aliyasikia, kwa sababu redio yake ilizimwa ghafla.



Nikakaa kwenye kiti chake, nikasoma. Herufi alikuwa amezikuza mpaka sentensi moja inajaza kioo, kwa hiyo ilinibidi nishuke nayo polepole, neno kwa neno. Mafaili yenu yote yamefungwa. Ufunguo tunao sisi. Tumeni pesa kwa namba hii ndani ya siku tatu, la sivyo ufunguo unateketezwa. Nikafungua folda ya kitabu. Majina ya sura yalikuwa yale yale, sura ya kwapa, sura ya kola, lakini kila moja lilikuwa limeota mkia wa herufi za ajabu, na hakuna lililokubali kufunguka.

Mtaa wa pili kuna binti anayetengeneza kompyuta. Nikampigia simu, nikaibana sikioni. Mzee alikuwa amenisogelea, anasikiliza pumzi zangu.

"Chomoa waya wa intaneti," akasema yule binti. "Zima kabisa. Usichomeke chochote humo, hata flashi safi, watakifunga nacho. Na msilipe, mama. Hao mkiwalipa leo, kesho wanarudi na njaa."

"Yatafunguka?"

"Hayo ya ndani yaage tu. Una nakala pembeni?"

Nikamwangalia Mzee. Uso wake ulikuwa umenielekea, mdomo wazi kidogo, anasubiri.

"Nitakupigia baadaye," nikasema, nikakata.

Hapo ndipo ningesema. Nakala ilikuwa kwenye droo ya mdogo wangu, ya Alhamisi iliyopita, inapungua kurasa sita tu ambazo ningezichapa upya ofisini kwake kwa siku moja. Neno moja tu lingetosha kumtua mzigo. Sikulisema. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinong'ona kwamba saa moja ya uchungu haijawahi kuua mtu. Miezi minane amenilinda mimi badala ya kompyuta. Acha na yeye aonje. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nilitegemea atajitetea. Nilikuwa nimeshajiandaa, majibu yamepangwa. Badala yake akaja akasimama mlangoni pa jikoni.

"Nisamehe, mama," akasema.

Huyu ni mtu aliyenikanyaga kidole kwa baiskeli nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, akaniambia mguu nimeuweka vibaya. Miaka ishirini na tisa sijawahi kusikia neno hilo likimtoka. Sasa limetoka, na mimi nina sahani mkononi na uongo mdomoni. Nikasema, "Haya," nikaendelea kuosha. Heri angenitukana.

Akaingia chumbani. Nilisikia kabati likifunguliwa, nikasikia akipapasa, kitu kikaanguka, akakiokota. Alipotoka alikuwa amevaa shati la safari na viatu vyeusi, na mkononi ana kile kitabu cha benki tunachokificha chini ya mashuka.

"Unakwenda wapi?"

"Benki. Nikatoe, nikawatumie. Ile namba nimeikariri."

"Kuwatumia nani?"

"Wanipe ufunguo. Za macho zinatosha, nimezipiga hesabu."

Ni pesa za upasuaji. Mzee ana mtoto wa jicho, pande zote mbili, na daktari amempangia mwezi ujao. Kwa miaka miwili tumekuwa tukiziweka kidogo kidogo, za pensheni yake na za mishono yangu.

"Fundi amesema tusilipe," nikasema.

"Fundi hakuandika kitabu. Wewe uliandika." Alikuwa ameshafika mlangoni, anapapasa komeo. "Macho yatasubiri. Vivuli nimeshavizoea. Ijumaa haisubiri."

"Mzee, kaa."

"Benki inafungwa, mama."

"Kaa, nimesema! Kitabu kipo."

Mkono ukabaki kwenye komeo. "Kipo wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Kwenye flashi."

Nilidhani atafurahi. Kwa kweli nilidhani hivyo. Nilidhani atashusha pumzi, tutacheka wote, yaishe. Akarudi polepole, akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Kisha akaanza kuuliza, kwa sauti ambayo sikuijua. Nadhani ndiyo aliyokuwa akiitumia kazini.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipostaafu. Ulipokataa mara ya tatu."

"Mara ngapi?"

"Kila Alhamisi."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Ilipitia wapi?"

"Mlangoni. Kwenye kopo la vifungo."

Akageuza uso kuelekea mlangoni. Nikawaka upya.

"Sasa ulitaka nifanyeje? Nilikuomba kistaarabu mara tatu, ukasema hapana, hapana, hapana! Jambazi moja lisilo na jina linakuomba mara tatu unasema ndiyo, ndiyo, ndiyo! Ningekutii wewe, leo tungekuwa tumekaa matanga ya kitabu. Aliyekilinda hicho kitabu ni mimi. Wewe ulilinda meza!"

"Ni kweli," akasema.

"Ni kweli nini?"

"Yote uliyosema. Ungenisikiliza mimi kingepotea. Kazi yako imepona kwa sababu ulinipita, na mimi nashukuru imepona." Akakiweka kitabu cha benki mezani, akakinyoosha kwa kiganja mpaka kikalala sawa. "Lakini yule mwizi, mama, hakujua kwamba sioni."

Nikaliangalia kopo la vifungo, lile alilolisogeza puani kila Alhamisi.   Nje kuku wa jirani walikuwa wameshaingia uani, wanaparua, na hakuna aliyekwenda kuwafukuza.

Mzee aliinama avue viatu. Kamba za kushoto alikuwa amezifunga fundo la kukaza, akawa anazitafuta kwa vidole, anavuta isiyovutwa. Nikapiga magoti pale sakafuni nikamfungulia. Hakunizuia, wala hakusema ahsante.